Gundi ya kome, ndizi na mikoko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyenzo mpya zinazoigwa kwa viumbe

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi wa sekondari, mafundi seremala na wasomaji wengine wanaoniuliza mara kwa mara kuhusu kemia ya kuiga viumbe. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililokwisha kuelezwa sitalirudia, nitakuelekeza kwenye swali lake. Nimekaa zaidi kwenye gundi kwa sababu ndiko nionako kemia hii ikigusa maisha yetu kwa karibu.

## Mwanzo

1. Kuunda nyenzo kwa kuiga viumbe maana yake nini hasa?

Nyenzo ni kile ambacho kitu kimetengenezwa nacho: mbao ya meza, plastiki ya ndoo, saruji ya ukuta. Mkemia wa fani hii huanza kwa kumtazama kiumbe anayefanya kazi fulani vizuri. Anachunguza ni molekuli zipi, zimepangwaje, hata kazi hiyo ikawezekana. Kisha anatafuta matokeo hayohayo kwa vitu vinavyopatikana kwa wingi.

Lishike neno mpangilio. Viumbe hawana malighafi nyingi za ajabu. Chukua gamba la chaza. Upande wa ndani unaong'aa, takriban asilimia 95 yake ni kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya jiwe la chokaa. Lakini humo yamepangwa kama vigae vyembamba, kila kimoja kina unene wa karibu nusu ya maikromita (maikromita ni sehemu ya milioni ya mita), na kati ya kigae na kigae kuna utando wa protini. Ufa ukianza, kila ukifika ukingoni mwa kigae hulazimika kupinda, na nguvu zake huishia njiani. Ndiyo maana gamba hilo ni gumu kuvunjika kuliko madini yenyewe kwa mbali sana.

2. Hii si sawa na kutumia vitu vya asili, au mitishamba?

Hapana. Anayeezeka makuti anatumia kitu cha asili kama kilivyo. Anayechemsha mizizi anatafuta dawa iliyomo ndani ya mmea. Sisi hatumtumii kiumbe mwenyewe: tunajifunza kwake namna ya kufanya, halafu tunatengeneza chetu, mara nyingi kwa malighafi tofauti kabisa. Mfano mzuri uko kwenye swali la 8.

3. Gundi, rangi na saruji tayari zipo. Kwa nini tuhangaike?

Kwa sababu ya joto na sumu. Ya sumu utaikuta kwenye swali la 8; hapa nianze na joto. Tanuri la saruji hufika takriban nyuzijoto 1,450 za sentigredi, na jiwe la chokaa linapochomwa hutoa hewa ya ukaa lenyewe, mbali na ile ya mafuta au makaa yaliyolichoma. Sekta ya saruji peke yake hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Aliyekulia pwani ameliona tanuri dogo la chokaa: magogo yamepangwa duara, mawe ya matumbawe yamerundikwa juu yake, moshi siku nzima. Vinyama vya matumbawe vilijenga mawe hayo ndani ya maji ya bahari, bila moto, kwa madini yaliyoyeyuka humo. Sisi tunayavunja, tunakata miti, tunayachoma, ili tupate unga wa kujengea. Kila nikipita karibu na tanuri la namna hiyo huumia moyoni, na huona wazi kwa nini kuna wakemia wanaotafuta namna ya kufunga mchanga kwa bakteria wanaotengeneza kalsiamu kaboneti. Huko Delft, Uholanzi, Henk Jonkers ameingiza bakteria wa aina hiyo ndani ya zege: ufa ukitokea na maji yakipenya, wanaamka na kuuziba.

## Gundi

4. Kwa nini gundi nyingi hushindwa kwenye maji?

Muulize fundi yeyote aliyegundisha kiti kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha kiti kikanyeshewa. Maji huharibu mara mbili. Kwanza, sehemu iliyolowa imefunikwa na tabaka la molekuli za maji zilizong'ang'ania pale, kwa hiyo gundi inashika maji badala ya kushika kitu chenyewe. Pili, hata gundi iliyokwisha kukauka, maji yakiingia taratibu huilainisha.

5. Kome anawezaje?

Kome ninayemsema ni yule mwenye magamba mawili marefu ya rangi nyeusi au kahawia, anayekaa kwa makundi kwenye miamba na nguzo za magati. Maji yakipwa, jaribu kumng'oa mmoja: utaona nyuzi nyembamba zikivutika kwanza, kisha zikikatika moja moja, na mara nyingi kile kibandiko cha mwisho wa uzi hubaki palepale kwenye jiwe.

Nyuzi hizo huzitengeneza kwa mguu wake, ulio mfano wa ulimi. Ncha ya mguu huibana juu ya mwamba, akaacha uwazi mdogo ndani kama kikombe kilichopinduliwa. Humo huumiminia mwamba protini zake. Dakika chache baadaye huondoa mguu, na uzi umekwisha, pamoja na kibandiko chake bapa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyopanga mambo kwa wakati wake. Ndani ya kile kikombe hali ni ya uchachu, na uchachu huo huilinda gundi isikaze kabla ya kuushika mwamba. Mguu ukiondoka, maji ya bahari yasiyo na uchachu yanaingia na gundi inaanza kukaza. Kwanza ishike, halafu ikaze. Gundi nyingi za maabara zilizoshindwa zilishindwa kwa kugeuza mpango huo.

6. Dopa ni nini, na ndizi inahusikaje?

Mwaka 1981 Herbert Waite, mtafiti wa Marekani, aliripoti kwamba protini za kome zina kipande kiitwacho dopa. Katika protini mojawapo inayogusana na mwamba, karibu vipande vitatu kati ya kila kumi ni dopa. Dopa ina sehemu inayoitwa katekoli: pete ya kaboni sita yenye vikundi viwili vya oksijeni na haidrojeni vilivyokaa jirani, kama mikono miwili ya mtu mmoja. Mikono hiyo huwania nafasi na maji juu ya jiwe, na hukamata madini kama chuma kwa nguvu. Kando yake huwa kuna kipande kingine, laisini, ambacho husaidia kufukuza chumvi zilizotangulia kukaa pale.

Katekoli ikikutana na oksijeni hubadilika kuwa kwinoni. Kwinoni haishiki mwamba vizuri, ila huungana na majirani zake, na huko ndiko kukaza. Rangi nayo hugeuka, ikawa kahawia hadi nyeusi.

Sasa ndizi. Maganda ya ndizi yana dopamini nyingi, na dopamini ni ndugu wa karibu wa dopa, yenye katekoli ileile. Bibi yangu, kule Bukoba, hakuwahi kumenya ndizi za kupika bila kujipaka mafuta mikononi kwanza. Mimi sikupaka, na vidole vyangu vilikaa vyeusi siku tatu, sabuni haisaidii. Nilidhani ni uchafu wa utomvu. Miaka mingi baadaye, nikisoma kuhusu kome, ndipo nilipoelewa vidole vyangu: dopamini na jamaa zake walikutana na hewa, wakaungana wao kwa wao na kujishikiza kwenye ngozi. Bibi alijua kinga kabla mimi sijajua sababu.

7. Basi si tuwakamue kome?

Walijaribu. Kupata gramu moja ya protini ya gundi kunahitaji kome wapatao 10,000. Hakuna bahari itakayoweza kubeba biashara hiyo. Ndiyo sababu ya kuiga badala ya kuvuna.

8. Ni kipi kimekwisha kutengenezwa kutokana na kome?

Viwili vinastahili kuelezwa vizuri.

Cha kwanza ni cha maabara. Mwaka 2007 kundi la Phillip Messersmith, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, liliyeyusha dopamini kwenye maji, miligramu 2 kwa kila mililita, na kuyafanya maji hayo yawe na ualkali kidogo, kiwango kisicho mbali na cha bahari. Wakatumbukiza vitu: chuma, kioo, plastiki, hata Teflon ambayo kazi yake ni kutoshikwa na kitu. Maji yakageuka kahawia, kisha meusi, na ndani ya siku moja kila kitu kikavikwa utando wenye unene unaofika nanomita 50 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Juu ya utando huo unaweza kupandisha vingine, kwa mfano madini ya fedha. Hakuna mtambo wala joto, ni beseni tu na subira. Ndiyo maana maabara nyingi zisizo na fedha nyingi zimeipokea njia hiyo.

Cha pili ni cha kiwandani. Kabati jipya la plaiwudi ukilifungua, ile harufu inayochoma macho mara nyingi ni fomaldehaidi kutoka kwenye gundi iliyobana tabaka za mbao. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja fomaldehaidi mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kaichang Li, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, aliwatazama kome wakipigwa na mawimbi na kujiuliza kama protini nafuu ingeweza kufundishwa kazi hiyo. Akachagua soya. Gundi iliyofika kiwandani ni unga wa soya pamoja na kiunganishi kilichokuwa kikitumika kwenye karatasi zisizochanika zikilowa. Haina hata punje ya kome. Mwaka 2007 kazi hiyo ilipewa tuzo ya rais wa Marekani ya kemia isiyodhuru mazingira, na kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya kuiga viumbe kuliko nyingine zenye sifa kubwa zaidi, kwa kuwa imeondoa sumu ndani ya nyumba za watu.

9. Mikoko na chai inaingia wapi?

Katekoli ina jamaa wengi katika mimea, na wanaojulikana sana ni tanini, ule ukali unaokausha ulimi ukinywa chai iliyokolea. Watu wa pwani huiita chai isiyo na maziwa chai ya mkandaa, na mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko ambao magome yake hutoa rangi nyekundu. Jina hilo limebeba kemia sahihi kabisa: ni kundi lilelile la molekuli kwenye gome na kwenye kikombe. Magome ya mikoko ya pwani yetu yaliuzwa ng'ambo zamani kwa ajili ya kutengenezea ngozi, kwa kuwa tanini hushikana na protini za ngozi isioze.

Mwaka 2013 kundi la Frank Caruso, mjini Melbourne, Australia, lilichanganya tanini na chumvi ya chuma ndani ya maji. Utando wa nanomita 10 hivi ulijijenga mara moja juu ya kila walichokitia. Kome naye hutumia chuma: ngozi ya nje ya nyuzi zake ina chuma kilichokamatwa na dopa, na humo ndimo ugumu wake ulimo. Kwa nchi yenye miti ya tanini, njia hii ni rahisi kuliko ya dopamini, ambayo hununuliwa ghali kutoka nje. Lakini tusikimbilie kuchuna mikoko. Tanini zipo hata kwenye magome ya miwati inayopandwa kwa ajili hiyo nyanda za juu.

10. Naweza kujaribu nyumbani au darasani?

Ndiyo, kwa misumari, siki na chai. Tia misumari yenye kutu ndani ya siki kwenye chupa ya kioo, uiache wazi kidogo kwa siku 3 au 4. Chemsha chai ya rangi nzito, isiyo na sukari wala maziwa, uiache ipoe. Mimina kijiko kimoja cha siki ile ndani ya chai. Chai nyekundu inageuka nyeusi kama wino papo hapo, na darasa zima hupiga kelele. Tumbukiza kipande cha kitambaa cha pamba, kikaushe, kisha ukifue: weusi hautoki wote. Ulichokiona ni chuma kikikamatwa na tanini, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 9. Usinywe mchanganyiko huo, na usivae nguo unayoipenda.

## Zaidi ya gundi

11. Mjusi kafiri hutumia gundi gani kutembea darini?

Hatumii gundi. Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake walipima nguvu ya unywele mmoja wa wayo wa mjusi mkubwa wa Asia wa jamii hiyo. Wayo mmoja una vinywele kama nusu milioni, na kila kimoja hugawanyika tena kuwa ncha mamia. Ncha hizo huukaribia ukuta kiasi cha molekuli kuvutana zenyewe kwa zenyewe, mvutano ule dhaifu unaoitwa wa van der Waals. Udhaifu ukizidishwa mara mamilioni unabeba mjusi. Huna haja ya kemikali maalumu hapo, na utepe wa kuiga nyayo hizo unatengenezwa kwa plastiki za kawaida zilizochongwa vinywele.

12. Kwa nini maji hayalowanishi jani la gimbi?

Chuma jani la gimbi (Kenya nduma, Zanzibar jimbi), limwagie maji kidogo, ulitikise. Maji yanakuwa shanga na kubingirika, yakizoa vumbi njiani. Juu ya jani kuna vinundu vidogo sana vilivyofunikwa na nta, na tone la maji hukaa juu ya ncha na hewa iliyonaswa chini yake. Wilhelm Barthlott wa Bonn, Ujerumani, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa yungiyungi la Asia mwaka 1997, na rangi za ukuta zinazojisafisha kwa mvua zikafuata. Sabuni huharibu mchezo: jaribu uone.

13. Rangi bila rangi inawezekanaje?

Katika misitu ya Afrika, ikiwemo ya Tanzania, kuna mmea uitwao Pollia condensata wenye tunda la buluu inayometa kama chuma. Tunda hilo halina rangi ya buluu ndani yake hata chembe. Kuta za seli zake ni selulosi, kitu kilekile cha pamba na karatasi, iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limezungushwa kidogo kuliko la chini yake. Mpangilio huo hurudisha mwanga wa buluu pekee. Silvia Vignolini na wenzake waliueleza mwaka 2012, na tunda moja walilolichunguza, lililochumwa Ghana mwaka 1974, lilikuwa bado linametameta kabatini. Rangi ya kawaida ingekuwa imepauka. Mwaka 2021 kundi lake huko Cambridge lilitengeneza vimetameta vya mapambo kutoka kwenye selulosi, mahali pa vile vya plastiki.

14. Na hariri ya buibui?

Imara, nyepesi, na hutengenezwa bila joto. Tatizo ni buibui wenyewe, maana ukiwafuga pamoja hulana. Mwaka 2009 ilionyeshwa nguo iliyofumwa Madagaska kwa hariri ya buibui zaidi ya milioni moja, waliokamatwa, wakavutwa nyuzi na kuachiwa. Kwa hiyo wakemia huwapa bakteria au hamira jeni za hariri. Protini inapatikana. Kuisokota kama buibui asokotavyo bado ni kazi ngumu.

## Mashaka na haki

15. Kilichoigwa kwa kiumbe ni salama, si ndiyo?

La. Katekoli yenyewe, ikiwa peke yake, ni sumu. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili. Kila nyenzo mpya inapaswa kupimwa kwa ngozi, mapafu na maji, bila kujali ilianzia kwa nani. Muuzaji akikuambia bidhaa yake haina madhara kwa kuwa imeigwa kwa viumbe, muulize vipimo.

16. Hadithi zote za kuiga viumbe ni za kweli?

Si zote. Iliyoenea sana ni ya mbawakawa wa jangwa la Namib anayekunywa ukungu kwa vinundu vya mgongoni, iliyochapishwa mwaka 2001. Vifaa vingi vya kukusanya ukungu vimebuniwa kwa msingi huo, na vingine vinafanya kazi. Lakini mbawakawa anayejulikana kwa hakika kuinamisha kichwa kwenye ukungu ni mwingine, Onymacris unguicularis, na mgongo wake hauna vinundu vile. Kanuni ya kemia inaweza kusimama hata kama hadithi ya mdudu imekosewa, ila ni lazima zipimwe kila moja kwa nafasi yake.

17. Kwa nini nyingi haziko dukani?

Kiumbe hujenga polepole na kidogo kidogo, kiwanda kinataka tani kwa saa. Tena gundi iliyoigwa kwa kome hulazimika kushindana na gundi nafuu iliyozoeleka. Gundi ya soya (swali la 8) ilipita kwa kuwa malighafi yake ilikuwa rahisi.

18. Viumbe vya kwetu vikitumika, nani ananufaika?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na ni haki. Bakteria kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, likiwemo Bogoria, walitoa vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) vilivyotumika viwandani ng'ambo, hata kuchakaza nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lililalamika hadharani kwamba hapakuwa na kibali halali. Mwaka 2007 shirika hilohilo liliingia mkataba wa kugawana faida na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida zitokanazo na viumbe, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, sasa inadai ridhaa na mgao kabla ya sampuli kuondoka.

Penye mashaka ni pale ambapo hakuna sampuli iliyoondoka. Aliyepiga picha wayo wa mjusi, au aliyesoma mpangilio wa jeni kwenye kompyuta, hakubeba kitu mkononi. Mazungumzo ya kimataifa kuhusu data za jeni yanaendelea, lakini wazo linalotokana na kutazama tu halijapata mlinzi. Kwa mwanafunzi anayeanza utafiti, hatua ni hizi: kibali cha utafiti kwanza, kutoka tume ya sayansi ya nchi husika (COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya), kisha kibali cha mamlaka ya hifadhi au msitu husika, na makubaliano ya maandishi na jamii ya mahali hapo, yakitaja jina la aliyekuonyesha kiumbe na mahali ulipoonyeshwa.